Nusu ya Somo la Sukari

Kazi yangu ya miaka thelathini na kitu niliifanya zaidi kwa mkojo wa watu. Nasema hivyo mapema ili msomaji mwenye kinyaa afunge daftari hili sasa, tusije tukalaumiana mbele. Ninyi wauguzi mnaoingia kliniki ya sukari leo mna kimashine cha mkononi kinachonyonya tone la damu na kutoa namba kabla mgonjwa hajamaliza kukunja uso. Sisi tulikuwa na chupa ya dawa ya buluu, taa ya spiriti, na pua zetu. Mliponiaga mwezi uliopita mliniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya. Vyeo na mishahara nimeviruka, maana vyote vilikuwa vidogo na havimfundishi mtu kitu.

Nilizaliwa Jinja katika nyumba ya Wanubi. Mama yangu alitoka Kisumu na shule nilisomea huko kwa wajomba, ndiyo maana Kiswahili changu kinaweza kwenda harusini bila kuniaibisha. Lakini hospitalini Jinja, Kiswahili hakikuwa mali. Watu wengi wakikisikia walikumbuka askari na miaka mibaya. Nikimwambia mgonjwa "kaa hapa" alikuwa akikaa haraka mno, amebana magoti. Basi nikajifunza kusalimia kwa Kisoga kwanza, salamu zote ndefu mpaka mwisho, nacheka kidogo, ndipo naingia kwenye Kiswahili changu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilitolewa wodi ya wazazi nikapelekwa kliniki ya sukari. Nilinung'unika. Wodi ya wazazi mtu anaingia mmoja anatoka na wawili. Kliniki ya sukari mtu anaingia na ugonjwa na anatoka nao. Kwenye chumba kidogo cha maabara nilimkuta Mzee Owora, mtu wa Tororo, mrefu, aliyewahi kuwa mganga wa jeshini na bado alivaa soksi ndefu. Alimwita kila mtu bwana, wanawake kwa wanaume, na sikuwahi kumsikia akikosea.

Siku ya kwanza hakunionyesha faili wala dawa. Alimimina dawa ya buluu kwenye kichupa cha kioo, akadondosha matone manane ya mkojo, akakishika kwa koleo juu ya taa. Ile buluu ikageuka kijani, ikawa manjano, ikawa chungwa, mwisho ikawa nyekundu ya tofali. Akaniambia kwamba buluu ikibaki buluu, hakuna sukari iliyomwagika kwenye mkojo. Ikifika tofali, mgonjwa anakojoa chakula chake. Nikamuuliza inakuwaje mtu anakula sawa na wenzake halafu anakonda hadi mbavu zinahesabika. Akaweka kichupa chini taratibu.

"Wewe bwana, chakula si nguvu," alisema. "Chakula ni kuni. Kuni inaingia mpaka kiwanja, iko nje pale. Kama hakuna mtu ya kuiingiza jikoni, posho itaiva na nini?"

Huyo mtu wa kuingiza kuni jikoni, akasema, ndiye insulini. Asipokuwepo, kuni zinajaa kiwanjani, ndiyo sukari kwenye damu, na jikoni watu wanalala na baridi. Wakishindwa kuvumilia wanaanza kubomoa nyumba wapate cha kuchoma: wanachoma mafuta ya mwili, wanachoma nyama ya mapaja. Moshi wa nyumba inayochomwa hivyo, akasema, unautambua kwa pua. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, vyenye michoro ya mishale inayozunguka, na bado nikitaka kuelewa kitu narudi kwenye kiwanja cha Mzee Owora.

Huo moshi niliunusa mwezi uleule. Mzee mmoja muuza nyanya aliletwa kutoka Buwenge kwenye gari la watu wa sokoni, anapumua kwa kishindo, maneno hayaeleweki, na mdomoni ananuka kama maji ya ndizi yaliyoanza kuwa pombe. Waliomleta walikuwa wanacheka. Wodini wakamlaza pembeni alevuke. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni amejifunika mtandio, aibu imemjaa, anarudia kwamba mume wake ni mtu wa msikitini, hajawahi kuionja. Mzee Owora alipita, akainama, akavuta pumzi mara moja tu, akaomba mkojo. Tofali. Tulihangaika naye siku tatu kwa maji na insulini, na siku ya nne aliomba uji na akauliza nyanya zake ziko wapi. Mkewe alinishika shingo akalia begani kwangu, na mimi nikalia pia, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Kuna mambo madogo ambayo hamtayakuta kwenye mwongozo. Insulini kijijini kwenye nyumba isiyo na friji, kichupa chake kifunge kwenye nailoni ukitumbukize kwenye mtungi wa maji, upande wenye kivuli. Usiizidishie baridi. Mama mmoja wa Masese, muuza samaki, alidhani amepata akili kuliko sisi sote, akaichimbia kwenye barafu ya sangara. Ikaganda. Ikayeyuka, akajidunga wiki nzima, na kila akija rangi ni tofali tu. Mzee Owora alimsikiliza, akamwambia kwa upole kwamba samaki wake sasa hawana sukari hata mmoja. Insulini ikiganda, itupe, hata ikirudi kuonekana nzuri.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Mbale. Kule hakukuwa na Mzee Owora. Mimi ndiye niliyekuwa najua kuliko wengine, na hilo ni jambo la hatari. Kliniki ilikuwa Jumanne. Nilianza kuwafundisha wagonjwa kwa kuitikiana, kama darasa la watoto. Mimi nasema, "Sukari?" Wao wanajibu, "Sumu!" Soda? Sumu. Muwa? Sumu. Asali? Sumu. Sauti ilikuwa inafika mpaka wodi ya mifupa. Daktari alinisifu, nami nilitembea nimeinua kidevu.

Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mama Nambozo, na Nambozo ni jina lake mwenyewe. Alikuwa mjane wa polisi, amelea watoto kwenye kambi za Jinja na Tororo, na ndiyo maana alizungumza Kiswahili cha kambini bila woga. Mgonjwa hakuwa yeye, alikuwa mwanawe Mafabi. Kijana alipata ugonjwa akiwa na miaka kumi na sita, akaletwa kwetu mgongoni, mwepesi kama mkungu uliotolewa ndizi. Mama alijifunza kuchemsha bomba la sindano la kioo, kuvuta dozi, kuchoma paja, na kusoma rangi kwenye kichupa. Alifuata kila neno langu. Nilimpenda kwa hilo, na pia kwa sababu alikuwa ananiletea machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa, yale yanayopikwa na karanga, nikiwa sina la kupika.

Mafabi alipofika miaka kumi na minane ulikuwa unakuja mwaka wa tohara. Kwa Wamasaba, watu wa milima ya Mbale, mwanamume anatahiriwa mbele ya watu, amesimama wima kiwanjani kwao, baada ya siku nyingi za kucheza na njuga mapajani na kukimbia milima kwa milima kuwaaga jamaa. Hashikwi, hafungwi. Hatakiwi kukunja uso wala kupepesa jicho. Akitetemeka, ukoo mzima unakuwa umetetemeka, na jina la mwoga linamfuata mpaka uzeeni, na mke atakayemwoa anatupiwa neno hilo kisimani.

Daktari alisema hapana, afanyiwe hospitalini kwa ganzi. Alikuwa na haki: mwenye sukari nyingi kidonda chake hakiponi, kinaoza. Nikampelekea Mafabi maneno hayo kwenye benchi. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, mtoto mwenye adabu sana yule, halafu akasema bila kupandisha sauti:

"Sista, wakinikata hospitali, mimi nitakaa mutoto mpaka kaburi. Tangu ile siku ya ugonjwa watu wananiona kama yai. Mimi nataka siku moja tu ya kusimama."

Nilikwenda kuzungumza na ba'mdogo wake, Afande Wangota, askari magereza mstaafu, ndugu wa marehemu baba. Yeye hakuipenda sindano tangu zamani. Alisema imemfanya kijana kuwa mtumwa wa saa. Lakini aliniuliza swali la maana: je, sukari yenyewe inaweza kumtetemesha mtu asiye mwoga? Nikamwambia inaweza, ikipanda sana au ikishuka sana. Akasema basi hiyo kazi ya kuizuia ni yangu, yake ni kumfundisha kijana kusimama.

Tukafanya kazi miezi miwili. Mafabi alicheza mazoezi kila jioni, na mimi nilimwandikia rangi asubuhi na jioni kwenye daftari. Hapo niliona kwa macho kitu nilichokuwa nimekisoma tu. Msuli unaocheza haungojei mtu wa kuuingizia kuni. Unatoka wenyewe kiwanjani unaokota. Siku za mazoezi makali ile tofali ilirudi manjano, ikarudi kijani, kwa dozi ileile. Nikaipunguza dozi kidogo kidogo, mpaka siku za tohara ikawa imepungua kwa theluthi. Daktari alikagua, akatikisa kichwa, akatia sahihi huku anasema hajaona kitu. Nilijiona hodari.

Siku tatu za mwisho sikuweza kuwa nao, nilikuwa zamu. Nilifika kwao asubuhi ya siku yenyewe, juu mlimani, nimebeba mfuko wenye taa, vichupa na bandeji. Glukosi ya kudunga sikuwa nayo. Wodini ilikuwa imekwisha wiki ile na hatukujua itakuja lini. Kiwanja kilikuwa kimejaa. Mitungi ya pombe ya mtama imepangwa ukutani, inachemka bila moto, povu linapanda na kushuka, maana chachu nayo inakula sukari na kupumua kama sisi. Unga wa mtama uliochanganywa na ile chachu ndio waliompaka Mafabi usoni na kifuani. Alikuwa mwembamba, anang'aa, ananitabasamia chini ya ule unga. Nilipima mkojo wake nyuma ya nyumba.

Ilibaki buluu. Buluu safi, kama nilivyoimimina. Nikapiga makofi. Nikamwonyesha Mama Nambozo, tukakumbatiana, na kijana akaondoka na wenzake wanakimbia na kuimba, kwenda bondeni kupakwa tope la kinamasi cha ukoo. Akirudi kutoka huko, anasimama na kukatwa.

Hapo ndipo Mama Nambozo aliniketisha ndani kunisimulia, uso umejaa fahari. Alisema siku hizi tatu zilikuwa vita. Kila nyumba waliyofika walimpa kijana muwa, walimpa soda, shangazi mmoja alimpa asali kwa mkono, na yeye Mama alikuwa nyuma yao anakimbia, anapokonya. Shangazi alinuna, sasa hawasemezani. Muwa aliutupa kwa mbuzi. Asali, soda, na hata kilo ya sukari ya wageni amevifungia kwenye sanduku la bati la marehemu, ufunguo ameufunga kwenye kanga kiunoni.

"Hata tone moja haikupita, Sista," alisema. "Nilisema, Sista alikataa, Sista alikataa."

Nikamuuliza amekula nini jana. Ndizi kidogo, alikuwa na haraka. Na leo? Leo hakutaka, roho ilikuwa juu. Na sindano? Alijidunga alfajiri, kama nilivyoandika.

Dawa ya buluu ina ulimi wa upande mmoja. Inakuambia sukari ikimwagika, basi. Haina rangi ya kukuambia sukari imekwisha. Aliye sawa na anayekaribia kuanguka wote wanatoa buluu ileile. Mzee Owora alinifundisha rangi tano, na mimi sikuwahi kujiuliza kuhusu ya sita isiyokuwepo. Kijana alikuwa amecheza siku tatu, msuli unaokota kila kuni, insulini inasukuma zilizobaki, na kiwanjani hakuongezwa hata ukuni mmoja. Angerudi hapa amesimama mbele ya watu mia nne, na jambo la kwanza ambalo mwili wenye njaa ya sukari hufanya ni kutetemeka.

Nikamwambia Mama afungue sanduku, nataka asali. Alinitazama, halafu akacheka kwa mahaba, akanitikisia kidole. Alidhani namjaribu. Alidhani ni mtihani wa Jumanne.

"Sumu," akajibu, kama tulivyozoea.

Kwa mbali nilisikia baragumu. Walikuwa wameanza kupanda kutoka bondeni. Nikapiga magoti mbele yake, maana alikuwa ameketi chini tayari. Katika ukoo wao mama wa kijana hukaa sakafuni ndani ya nyumba, miguu imenyooka, na akitikisika wakati wa kisu, mwanawe naye atatikisika huko nje.

"Mama Mafabi, mimi nimekosea," nilimwambia. "Nilikufundisha nusu. Sukari nyingi inamuua polepole. Sukari ikikwisha inamwangusha leo hii. Nilipaswa kukwambia zote mbili, nikakwambia moja, kwa sababu moja ni rahisi kuimba."

Kicheko kilimfutika usoni. Miaka miwili alikuwa amemnyima mtoto wake kila kitamu kwa neno langu, amegombana na wifi zake kwa neno langu, na sasa nilikuwa naligeuza neno hilo huku ngoma zinakaribia. Angeweza kunitukana. Angeweza kukaa kimya akaniacha na asali yangu sandukuni.

"Unajua kweli saa hii?" aliuliza. "Au unajua kama ile ingine?"

"Najua kweli."

Akafungua fundo la kanga.

Afande Wangota alikuwa mlangoni ameshika kibuyu cha unga na chachu. Sikuwa na muda wa heshima. Nikamimina asali nusu kopo kwenye kibuyu chake, nikamwambia: kijana hana nguvu, si woga, ni sukari imekwisha, mpake tena usoni, na hii iingie mdomoni, nyingi, halafu unitafutie dakika za kungoja. Akinywa kitu mbele ya watu watasema amepewa dawa ya ujasiri. Akipakwa unga, hakuna atakayeuliza. Afande alitazama kibuyu, akanitazama mimi. Akauliza dakika ngapi. Nikasema kumi, zikipatikana.

Wakaingia kiwanjani wanakimbia. Kutoka mlangoni nilimwona Mafabi. Tope jeusi mwili mzima, na juu ya tope jasho linateremka kwa mistari, na hali ya hewa ilikuwa baridi. Macho yalikuwa yanatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Goti la kushoto lilikuwa linacheza, dogo tu, lakini niliona mzee mmoja wa mbele ameliona, anamgusa mwenzake.

Afande alimfikia kabla ya ngariba. Alimpaka uso kwa viganja viwili, kama mtu anayepiga lipu, na vidole vikaingia mdomoni, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kijana alimeza. Halafu Afande huyo, ambaye maisha yake yote aliishi kwa amri na kengele, alianzisha ugomvi. Alisema kijana amesimamishwa vibaya, haangalii mlima. Ngariba akasema anauangalia. Afande akasema huo si mlima, hicho ni kilima, na marehemu kaka yake alisimama pale, si hapa. Wazee wakagawanyika. Mmoja akaleta fimbo kupima. Sijawahi kusikia watu wakibishana kwa raha namna ile, na kila neno lao lilikuwa kwangu tone la asali linaloingia damuni.

Niliingia ndani haraka kuchukua asali iliyobaki. Nilipogeuka, shangazi aliyenuna alikuwa amefunga mlango kwa nje. Mlango ukishafungwa haufunguliwi mpaka filimbi ya ngariba ilie. Niligonga mara moja, nikaelewa, nikaacha. Nikakaa sakafuni kando ya Mama Nambozo kwenye giza la nyumba, na kopo la asali mapajani.

Nje ubishi ulikwisha. Ngoma zikanyamaza zote kwa pamoja. Mama alikuwa amenyoosha miguu, mgongo umesimama, macho yametazama ukuta. Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka kwenye kiwiko, na mimi niliubana kwa mikono yangu miwili kwa nguvu zote nilizokuwa nazo ili usitetemeke. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nimeshuhudia vifo na kuzaliwa, lakini kimya kirefu kuliko vyote maishani mwangu ni kile.

Filimbi ikalia. Vigelegele vikapasuka pande zote, na mama wa watu akaanguka kifuani kwangu.

Mlango ulipofunguliwa, Mafabi alikuwa ameketi kwenye kigoda, amefungwa shuka, wanamtunza na kumwimbia. Nilimpa asali tena, sasa waziwazi, halafu chai ya maziwa, halafu ndizi, na taratibu macho yake yakarudi kwetu. Kupima mkojo siku hiyo niliona nisimtajie. Kidonda nilikisafisha kila siku kwa wiki tatu, na kilipona vizuri, safi, daktari mwenyewe alikuja kukitazama na bado akasema hajaona kitu.

Jumanne iliyofuata nilisimama mbele ya wagonjwa wangu nikawaambia ule wimbo nimeufuta. Niliwaambia kwamba nusu yake ilikosekana na kosa ni langu. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wangu wa sindano alitembea na kipande cha sukari kwenye karatasi mfukoni, na hata leo msimruhusu atoke mlangoni bila hicho. Kama ninyi mna haraka na mnataka kuchukua kitu kimoja tu kwenye maandishi haya, chukueni hicho.

Lakini kuna jambo ambalo sikuwahi kuliandika kwenye daftari lolote. Siku ya tatu baada ya tohara nilipokuwa nafunga bandeji, Mafabi aliniita karibu. Alisema anakumbuka tope. Anakumbuka baridi ya lile tope shingoni. Halafu anakumbuka kigoda na watu wanaimba. Katikati hakuna kitu, peupe kabisa. Siku moja aliyoiomba maisha yake yote, sukari ilikuwa imeichukua. Wenzake walimwambia alisimama vizuri, lakini aliogopa wanamwonea huruma.

"Sista, wewe husemi uongo," aliniambia. "Ulikubali hata makosa yako mwenyewe mbele ya mama. Uliniona? Nilisimama?"

Mama Nambozo alikuwa pale anamenya ndizi. Kisu kilisimama. Yeye na mimi tulijua nilikuwa wapi mlango ulipofungwa.

"Nilikuona," nikamwambia. "Hata kope haikucheza."

Alilala usingizi mzuri mchana ule. Mama alinisindikiza mpaka njiani, tukaagana. Halafu akaniambia, akiuliza tena, sema vilevile.

Mafabi ameuliza tena mara nyingi, kila baada ya miaka michache. Mama yake sasa ni marehemu, Afande pia. Mwaka jana, kabla sijastaafu, aliingia kliniki na mvi mbili tatu kichwani, na nyuma yake kijana wake wa kwanza, mrefu, njuga zimefungwa mapajani, amekuja na baba kuniaga kabla ya kupanda mlima. Mafabi alimsukuma mbele kidogo. Akaniomba nimwambie mtoto, kwa kuwa mimi nilikuwepo, baba yake alisimamaje siku ile.

Nikasema vilevile.